Umechanjwa ughaibuni: cha kufanya kuanzia dakika ya kwanza hadi wiki ya sita

Ukipiga simu kliniki kusema hujisikii vizuri baada ya chanjo, utaulizwa mambo mawili kabla ya mengine: ulichanjwa chanjo gani, na muda gani umepita. Majibu hayo ndiyo yanayotenganisha homa ya kulala nayo nyumbani na homa ya kukimbilia hospitali. Homa ya jioni ileile uliyochanjwa mafua ni kinga inajengwa. Homa inayoanza siku ya nne baada ya chanjo hiyohiyo ina chanzo kingine, na kitafutwe. Lakini homa ya siku ya nane baada ya chanjo ya surua ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoka kwenye jengo, andika kwenye simu yako jina la chanjo, mkono uliochomwa, tarehe na saa. Anayeishi peke yake amtumie rafiki ujumbe huo pia, na wakubaliane wataulizana hali usiku na asubuhi.

Kabla ya kukunja mkono wa shati

Toa mkono usioutumia kuandika wala kubeba. Kama uliwahi kuondolewa tezi za kwapa kwa sababu ya saratani ya titi, toa mkono wa upande mwingine. Kula na kunywa maji kwanza, maana tumbo tupu na woga vikikutana huangusha watu. Panga siku pia: mwili huwa mzito zaidi siku inayofuata, hasa baada ya chanjo ya UVIKO-19 na ile ya mkanda wa jeshi, hivyo anayefanya kazi ya kunyanyua wagonjwa au maboksi achanjwe mwisho wa zamu, kesho yake iwe ya mapumziko.

Muuguzi anahitaji kujua kama uliwahi kupata mzio mkali, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una mimba au huenda unayo, na kama una ugonjwa au dawa inayoshusha kinga, zikiwemo dawa za steroidi na matibabu ya saratani. Wapo wanaoficha hali ya VVU kwa kuogopa karatasi za uhamiaji. Usiifiche hapa. Kwa mwenye VVU, chanjo nyingi ni salama na zinapendekezwa, ila chanjo chache zenye vijidudu hai hazimfai, au zinasubiri CD4, yaani seli za kinga, zipande.

Nawe una swali lako moja la kuuliza: chanjo hii ni hai au si hai? Jibu lake litaamua kalenda yako ya wiki nne zijazo, kama utakavyoona mbele.

Lugha isikutie aibu. Uingereza, hospitali na kliniki za umma hutoa mkalimani bila malipo, na Marekani vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu vinawajibika kufanya hivyo. Omba wakati wa kuweka miadi, maana ukiomba mlangoni utaambiwa usubiri. Mtoto wako asiwe mkalimani. Hawezi kujua tofauti ya kizunguzungu na kuzirai, wala haipaswi ajue siri zote za afya ya mzazi wake.

Dakika 15 za kiti

Utaambiwa ukae dakika 15. Aliyewahi kupata mzio mkali huambiwa 30. Watu huondoka mapema kwa sababu hawaoni kinachosubiriwa, na vinasubiriwa vitu viwili vinavyofanana kwa mbali.

Cha kwanza ni kuzirai, jambo la kawaida, hasa kwa vijana wa rika la sekondari. Mtu hutokwa jasho la baridi, masikio huvuma, macho huingia giza, mapigo ya moyo hupungua kasi. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa kuzirai hauonekani usoni. Tazama midomo, ndani ya kope la chini na viganja. Dawa yake ni kulala chali na kuinua miguu, na dakika moja mbili baadaye mtu hurudi kwenye hali yake. Hatari iko kwenye kuanguka na kupiga kichwa, ndiyo maana unawekwa kwenye kiti na unakatazwa kuendesha gari upesi.

Cha pili ni mzio mkali wa mwili mzima. Huu ni nadra sana, takriban mtu mmoja kwa kila dozi milioni moja, lakini ndio unaoua usipotibiwa. Huanza kwa kuwashwa na mabaka yaliyoinuka, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana na kupiga miluzi, kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio. Aliyezirai akilazwa hupata nafuu. Mwenye mzio hapati. Tiba yake ni adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja, na hurudiwa baada ya dakika 5 hali isipobadilika. Vidonge vya mzio vya dukani hupunguza muwasho tu. Usivitegemee kufungua koo.

Mzio mkali ukikukuta umeshatoka, piga nambari ya dharura: 911 Marekani na Kanada, 999 au 112 Uingereza, 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, 000 Australia, 998 kwa ambulansi Falme za Kiarabu, 997 kwa ambulansi za Hilali Nyekundu Saudi Arabia. Lala chini, au kaa kama pumzi inabana ukilala, na usisimame kwenda kuifuata gari, kwa sababu shinikizo la damu huporomoka ghafla mtu akisimama. Jifunze sentensi moja ya lugha ya nchi uliyopo yenye maneno haya: nimechanjwa leo, siwezi kupumua vizuri, anwani yangu ni hii. Na hata adrenalini ikifanya kazi, hospitali ni lazima uende, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Mkono

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na mengi hayana ubaya wowote. Maumivu, uvimbe na joto pale sindano ilipoingia huanza ndani ya saa 24 na huisha kwa siku moja hadi tatu. Wekundu unaotajwa kwenye vipeperushi ni wa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi eneo hilo hugeuka zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na mara nyingine rangi haibadiliki kabisa. Tumia kiganja badala ya macho: linganisha joto la mkono huu na ule, bonyeza pembezoni uone ugumu unaishia wapi, kisha chora mpaka wake kwa kalamu na uandike saa. Ukiamka kesho utajua kama umepanuka bila kubahatisha. Ukizungumza na daktari kwa simu, mwambie rangi ya ngozi yako na unachohisi kwa mkono, kwa kuwa wengi wao bado wanatafuta wekundu.

Usipachue. Kuchua huongeza michubuko na maumivu. Lowesha kitambaa safi kwa maji baridi, kikamue, kiweke dakika 10 hadi 15, uondoe, urudie baadaye. Barafu isigusane na ngozi. Halafu utumie mkono: inua hadi juu ya kichwa, zungusha bega, mara kadhaa kwa siku. Anayeukumbatia mkono kifuani kutwa nzima huamka na bega gumu kuliko alivyolala. Kuoga hakuna shida, na plasta unaweza kuitoa baada ya saa chache.

Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda abonyeze kwa nguvu, bila kusugua, kwa dakika zisizopungua 2. Mchubuko mkubwa utakaomtokea si dalili ya mzio.

Yako mambo manne yanayotisha ambayo ni vizuri kuyajua kwa sura zao.

Kinundu kigumu kisichouma, kinachobaki chini ya ngozi kwa wiki kadhaa, ni cha kawaida kwa watoto na watu wazima. Kiache.

Uvimbe mkubwa, wakati mwingine kutoka bega hadi kiwiko, unaotokea saa 4 hadi 12 baada ya chanjo ya pepopunda, huwapata zaidi waliokwisha kuchanjwa chanjo hiyo mara nyingi. Kingamwili ni nyingi tayari, zinakutana na dozi mpya. Watu wetu huingia kundi hili kwa urahisi: umechanjwa utotoni, ukachanjwa tena mimba zote, kadi imepotea, nchi mpya inaanza upya. Huisha wenyewe kwa siku chache, ila umtaarifu daktari, kwa sababu dozi inayofuata inaweza kusogezwa mbele hadi miaka 10.

Maumivu ya bega ya ndani, yaliyoanza ndani ya siku mbili na bado hayakuruhusu kuinua mkono baada ya wiki moja au mbili, huashiria kwamba sindano ilichomwa juu mno ikafika kwenye kiungo. Hii haiponi kwa kungoja. Inahitaji daktari, mara nyingi na mazoezi ya viungo, na kadiri unavyochelewa ndivyo bega linavyokakamaa.

La mwisho ni maambukizi. Alama yake ni mwelekeo: uvimbe wa chanjo huwa mbaya siku ya kwanza na ya pili kisha hupungua, wa maambukizi huzidi kuanzia siku ya tatu. Mpaka uliouchora unapitwa, joto linaongezeka, kunatokea usaha au mstari unaopanda kuelekea kwapani, na homa inarudi. Nenda siku hiyohiyo.

Tezi za kwapani upande uliochanjwa zinaweza kuvimba na kuuma kwa siku kadhaa, au kubaki zimevimba kwa wiki. Mwanamke aliyepangiwa picha ya matiti amwambie mpiga picha tarehe na mkono aliochanjwa, asije akaitwa tena kwa hofu isiyo na msingi.

Homa, uchovu na dawa za maumivu

Baada ya chanjo zisizo hai, homa, kibaridi, kichwa na viungo kuuma huanza ndani ya siku moja au mbili na huisha ndani ya siku moja au mbili. Homa ni 38°C kwenda juu. Vipimajoto vya Marekani husoma Farenhaiti, kwa hiyo kumbuka 100.4, ambayo ndiyo 38, na 104, ambayo ndiyo 40. Kunywa maji, vaa nguo nyepesi, lala. Mafua ya pua, kikohozi na koo kuuma havitokani na sindano ya mafua. Ukiona hivyo una ugonjwa wa kawaida uliokukuta njiani.

Parasetamoli inatosha kwa wengi. Mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50 hunywa miligramu 500 hadi 1,000, anasubiri saa 4 hadi 6, na hazidishi miligramu 4,000 ndani ya saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Paketi ikitaja kiwango kidogo kuliko hicho, fuata paketi. Marekani hutaikuta kwa jina hilo. Imeandikwa acetaminophen, wengi huiita Tylenol, na vidonge vyake ni vya miligramu 325 au 500, pia vipo vya 650 vinavyoyeyuka polepole. Kosa linaloharibu ini ni kuchanganya: unakunywa vidonge vya maumivu, halafu usiku unakunywa dawa ya mafua ya kuchanganya na maji moto ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Soma viambato nyuma ya kila boksi. Anayekunywa pombe nyingi, mwenye ugonjwa wa ini, au mwenye uzito chini ya kilo 50 amuulize mfamasia kwanza.

Ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400, baada ya kula, isiyozidi miligramu 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari, husaidia zaidi mkono uliovimba. Iepukwe na mwenye mimba, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Aspirini asipewe mtoto wala kijana.

Kunywa dawa kabla ya chanjo ili kuzuia maumivu yasiyokuwepo hakupendekezwi. Inaweza kudhoofisha kidogo mwitikio wa kinga. Subiri uumwe. Kuna mtoto mmoja tu wa kutengwa na kanuni hii, na tutamfikia.

Sasa jambo ambalo madaktari wa nchi za baridi hulisahau. Ukiwa umerudi kutoka eneo lenye malaria ndani ya miezi michache iliyopita, usiisingizie chanjo homa yako. Mtu ametua wiki iliyopita, kazini wanachanja mafua, jioni anapata homa, kila mtu anasema ni chanjo. Omba kipimo cha malaria siku hiyohiyo, na utaje safari hata kama hukuulizwa. Malaria kali kwa mtu aliyeishi ughaibuni miaka mingi humzidi upesi, maana kinga aliyokuwa nayo imepungua. Vivyo hivyo, chanjo za safari hazichukui nafasi ya vidonge vya kujikinga na malaria.

Pombe haijakatazwa, lakini hutajua kama kichwa kinakugonga kwa chanjo au kwa bia. Mazoezi mepesi yanafaa. Mbio ndefu na vyuma vizito viache siku mbili.

Mtoto

Mtoto chini ya mwaka mmoja huchomwa kwenye paja, mara nyingi sindano mbili au tatu siku moja. Andika ipi iliingia mguu upi. Atakuwa mkali, atalala sana, atakula kidogo. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kunyonya wakati wa sindano yenyewe pia hupunguza kilio.

Dawa ya maji ndiyo inayoleta ajali, na ughaibuni ajali hiyo ina sababu yake maalumu: nguvu ya dawa hutofautiana nchi kwa nchi. Parasetamoli ya watoto wadogo Uingereza ina miligramu 120 kwa kila mililita 5, ya watoto wakubwa ina 250, na ya Marekani ina 160. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, tuseme 120. Kwa chupa ya kwanza hiyo ni mililita 5, kwa ya Marekani ni 3.75, kwa ya watoto wakubwa ni 2.4. Shangazi akikuletea chupa kutoka nchi nyingine na wewe ukaendelea na kipimo ulichozoea, umemzidishia au umempunja. Pima kwa bomba la mdomo linalokuja na chupa, si kijiko cha mezani. Acha saa 4 hadi 6 kati ya dozi, zisizidi nne kwa siku. Ibuprofeni haipewi mtoto chini ya miezi 3, na Marekani chini ya miezi 6, ila kwa agizo la daktari.

Yule mtoto wa kutengwa ni wa Uingereza anayepewa chanjo ya MenB, ya homa ya uti wa mgongo, pamoja na chanjo nyingine za uchanga. Chanjo hiyo hupandisha homa sana, ndiyo maana wazazi huambiwa wampe parasetamoli bila kusubiri homa: mililita 2.5 ya dawa ya 120 kwa 5 mara tu baada ya sindano, nyingine baada ya saa 4 hadi 6, na ya tatu baada ya saa 4 hadi 6 tena. Kwa nchi nyingine fuata maelekezo ya kliniki yako.

Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika 38°C, piga simu kwa daktari hata kama amechanjwa leo. Piga pia kwa mtoto wa umri wowote anayelia mfululizo zaidi ya saa 3 bila kubembelezeka, anayelegea, asiyekojoa kama kawaida, au mwenye homa inayopita siku mbili. Kwa maswali yasiyo ya dharura zipo simu za afya: 111 Uingereza, 116117 Ujerumani, 1177 Uswidi, 811 katika sehemu kubwa ya Kanada.

Degedege la homa humpata mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mlaze ubavu sakafuni, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, na tazama saa. Likipita dakika 5, au likiwa la kwanza kwake, ita ambulansi. Linatisha kuliko linavyodhuru.

Chanjo ya matone ya rota, kirusi cha kuhara, hutoka na kinyesi kwa siku au wiki kadhaa. Nawa mikono kwa sabuni kila unapobadili nepi, zaidi sana kama nyumbani kuna mwenye kinga ya chini. Katika wiki ya kwanza baada ya dozi, mtoto anayelia kwa vipindi akikunja miguu tumboni, kutapika kijani, au kutoa kinyesi chenye damu na ute, huenda utumbo umejikunja. Huyo ni wa hospitali sasa hivi.

Chanjo hai zina kalenda yao

Surua, matumbwitumbwi na rubela, tetekuwanga, homa ya manjano na BCG, ya kifua kikuu, zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Vinahitaji siku kadhaa kuzaana kidogo kabla ya mwili kuviona, kwa hiyo dalili huchelewa.

Baada ya ile ya surua, homa na vipele hutokea takriban siku ya 6 hadi ya 11. Vipele hivyo haviambukizi. Mashavu kuvimba kama matumbwitumbwi huweza kutokea wiki ya tatu. Baada ya chanjo ya tetekuwanga, vipele vichache vinaweza kutoka ndani ya mwezi mmoja. Vifunike, na ukae mbali na wajawazito wasio na kinga na wenye kinga ya chini hadi vikauke. Aspirini iepukwe kwa wiki 6. Mwanamke aliyepewa chanjo ya surua au tetekuwanga asishike mimba kwa mwezi mmoja.

Homa ya manjano huleta kichwa kuuma na uchovu ndani ya wiki moja na nusu. Kwa nadra sana, zaidi kwa waliopita miaka 60 na wenye matatizo ya thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, huleta ugonjwa mkali. Homa kubwa, macho ya njano, kutokwa damu, kuchanganyikiwa au shingo kukakamaa baada ya chanjo hii ni dharura. Cheti chake huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha yote. Ulichonacho cha zamani kilichoandikwa miaka 10 bado kinafaa. Usikubali kuchomwa tena kwa sababu hiyo tu.

BCG huwahusu wengi wetu. Uingereza, kwa mfano, humpa mtoto mchanga ambaye mzazi au babu na bibi yake wametoka nchi yenye kifua kikuu kingi. Kipele hutokea wiki ya 2 hadi ya 6, huweza kupasuka kikawa kidonda kidogo, kisha huacha kovu. Kiache kipate hewa. Kikitoa majimaji weka shashi kavu. Usipake dawa, usikamue, usibandike plasta isiyopitisha hewa. Mkono huo usichomwe chanjo nyingine kwa miezi 3. Rudi kliniki kama tezi ya kwapani inakua au kidonda kinatoa usaha mwingi.

Chanjo mbili hai za sindano hutolewa siku moja au huachanishwa wiki 4, na nchi nyingine, kwa mfano Uingereza, hazitoi ya homa ya manjano na ya surua siku moja, ila safari ikibana. Kipimo cha kifua kikuu, cha ngozi au cha damu, ambacho vyuo, waajiri na uhamiaji hukidai mara kwa mara, kifanyike kabla au siku ileile ya chanjo ya surua. Ukipitwa, subiri wiki 4, la sivyo kinaweza kusoma hasi ya uongo. Kuchangia damu nako husubiri hadi wiki 4 kutegemea chanjo na nchi.

Kinga yenyewe haiji siku hiyo. Chanjo nyingi huchukua kama wiki 2, na anayekwenda Hija huchanjwa homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua 10 kabla ya kufika.

Zinazochelewa na hazipuuzwi

Maumivu ya kifua, pumzi kukata au moyo kudunda ovyo ndani ya wiki moja baada ya chanjo ya UVIKO-19 ya aina ya mRNA, kama za Pfizer na Moderna, hasa kwa mwanamume kijana, huweza kuwa moyo umevimba. Wengi hupona vizuri, lakini kipimo cha moyo kifanyike siku hiyo. Ganzi au udhaifu unaoanza miguuni na kupanda juu, uso kulegea, au kushindwa kumeza, ndani ya wiki 6 baada ya chanjo, ni wa hospitali bila kungoja asubuhi.

Karatasi

Piga picha kadi yako pande zote mbili kabla ya kuondoka. Hakikisha ina jina kamili la chanjo, tarehe, na namba ya toleo (batch au lot) iliyobandikwa au kuandikwa. Tarehe 04/07 Marekani ni Aprili 7. Kwingi Ulaya ni Julai 4. Mwombe muuguzi aandike mwezi kwa herufi. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote kwa mpangilio uleule, kwa sababu kadi yenye majina mawili na pasipoti yenye matatu imewachelewesha wengi dirishani. Kadi ikipotea kabisa, kurudia dozi kwa kawaida hakudhuru; kinachozidi ni maumivu ya mkono.

Ukipata dalili kali au ya ajabu, unaweza kuiripoti wewe mwenyewe bila kupitia daktari: Uingereza kwa mfumo wa Yellow Card, Marekani kwa VAERS, na nchi za Ulaya kwa mamlaka zao za dawa. Watahitaji namba ya toleo. Siku ya dozi inayofuata mwonyeshe mchanjaji ulichoandika: saa dalili zilipoanza, kiwango cha homa, picha ya mkono ikiwa na mstari wa kalamu. Maumivu na homa ya siku mbili havizuii dozi hiyo. Mzio mkali unaizuia, mpaka umwone mtaalamu wa mzio.